Tundu Moja kwa Vifaa Vyote: Ugumu Unaoanza Umbo Likishakuwa Moja

Mtu akitaka kubuni kiunganishi kimoja cha simu, tableti, kamera, spika na kompyuta mpakato, wazo la kwanza huwa ni umbo: tundu liwe bapa au duara, pana kiasi gani, nene kiasi gani. Umbo lina ugumu wake na tutaufikia. Lakini mzigo mzito huanza pale umbo linapokuwa moja, kwa sababu vichwa vya zamani, pamoja na kero zake zote, vilikuwa vinabeba habari.

USB ya kwanza, ya mwaka 1996, ilikuwa na kichwa bapa cha aina ya A upande wa kompyuta na kichwa kinachokaribia mraba, aina ya B, upande wa printa. Tofauti hiyo iliwekwa makusudi. Tundu la A lilitoa volti 5 na tundu la B likapokea. Kwa kuwa kebo halali ilikuwa na A upande mmoja na B upande wa pili, hakukuwa na njia ya kuunganisha watoaji wawili wa umeme wakaanza kusukumana. Vivyo hivyo pini nyembamba ya milimita 2 ya chaja za Nokia: ikiingia kwenye simu, umeshajua chaja ni ya jamii yake.

Ukifanya vichwa vyote vifanane, kuna maswali yanabaki bila mjibuji. Nani anatoa umeme na nani anapokea? Volti ngapi? Waya huu unahimili ampea ngapi? Kichwa kimeingia upande gani juu? USB-C, ambayo maelezo yake rasmi yalitolewa Agosti 2014, ni majibu ya maswali hayo manne kuliko ilivyo umbo. Asiyelijua hilo hushangaa kwa nini nyaya mbili zinazofanana kabisa kwa macho, moja huchaji kompyuta na nyingine huishia kwenye simu tu.

Majaribio ya kabla yake

China ilianza mapema. Kiwango chake cha Desemba 2006 hakikugusa tundu la simu hata kidogo. Kilichosawazishwa ni upande wa chaja, ambao ulitakiwa uwe na tundu la USB-A ili waya uweze kuchomolewa. Ulikuwa uamuzi wa busara kuliko unavyosifiwa. Kiunganishi cha upande wa simu hubadilika kila teknolojia inapopiga hatua, lakini kichwa cha chaja kinaweza kudumu miaka mingi. Hadi leo chaja nyingi za zamani bado zinatumika kwa sababu waya wake hutenganishwa.

Mwaka 2009 Tume ya Ulaya iliwakutanisha watengenezaji wakubwa wa simu, wakati sokoni kulikuwa na aina zaidi ya 30 za chaja. Walitia saini makubaliano ya hiari ya kutumia Micro-USB. Hiari hiyo ilikuwa na mlango wa nyuma: mtengenezaji aliruhusiwa kubaki na tundu lake mwenyewe mradi adapta ipatikane. Makubaliano yaliisha mwaka 2014 bila kurithiwa na mengine yenye nguvu.

Micro-USB yenyewe, iliyotoka mwaka 2007, hukumbukwa kwa ubaya kuliko inavyostahili. Ilileta jambo moja muhimu ambalo USB-C iliendelea nalo: springi zinazochakaa zilihamishwa kutoka kwenye tundu zikawekwa kwenye kichwa cha waya. Springi lazima zichoke siku moja, basi afadhali zichoke kwenye kitu kinachobadilishwa kirahisi kuliko kwenye bodi ya simu. Ndiyo maana ilikadiriwa kuhimili kuchomekwa na kuchomolewa mara 10,000, wakati USB-A ya kawaida ilikadiriwa mara 1,500. Kwa anayechaji mara tatu kwa siku, 10,000 ni miaka tisa.

Iliponaswa ni kwingine. Pini tano hazikutosha. USB 3.0 ilipokuja mwaka 2008 na kuhitaji nyaya zaidi, suluhisho lilikuwa kuongeza kipande cha pili ubavuni mwa Micro-USB, kikatokea kichwa kipana ajabu ambacho wengi walikiona kwenye diski za nje na kwenye Galaxy Note 3. Tena kichwa kiliingia upande mmoja tu, na tofauti ya juu na chini ilikuwa ndogo kiasi kwamba mtu mwenye haraka angeweza kukilazimisha kinyume. Matundu mengi yaliyong'oka kwenye bodi yalianzia hapo.

Apple nao mwaka 2012 walitoa Lightning, yenye pini nane na inayoingia upande wowote. Ilithibitisha kwamba kichwa kisicho na juu wala chini kinawezekana, lakini kilikuwa mali ya kampuni moja, kwa leseni yake. Huwezi kukiita kiwango cha wote.

Milimita za tundu

Mdomo wa tundu la USB-C una upana wa milimita 8.34 na kimo cha milimita 2.56. Ndani yake, katikati, kuna ulimi mwembamba wenye unene wa milimita 0.7, na juu ya ulimi huo zimepangwa pini 12 kila upande, jumla 24. Umbali kati ya pini moja na jirani yake, kutoka katikati hadi katikati, ni nusu milimita. Vipimo hivi vidogo ndivyo chanzo cha matatizo mengi tutakayoyaona.

Ulimi wa milimita 0.7 unaonekana dhaifu, na ungekuwa dhaifu kweli kama ungekuwa plastiki tupu. Ndani yake kuna bati la chuma linalopita katikati ya safu mbili za pini. Bati hilo hufanya kazi tatu kwa mpigo: huupa ulimi nguvu, huzuia ishara za safu ya juu zisivurugane na za safu ya chini, na kingo zake ndizo zinazoshikwa na vikamatio viwili vya ubavuni mwa kichwa ili waya usianguke. Kuna wanaoona kuweka ulimi ndani ya tundu ni kosa, kwamba ingekuwa heri ulimi uwe kwenye waya kama kwenye Lightning. Hoja yao ina uzito. Ila ukiuweka ulimi kwenye waya, springi lazima ziwe ndani ya kifaa, na tumeshaona zinavyochoka. Hakuna chaguo lisilo na gharama. Wabunifu wa USB-C walichagua kuilinda springi, na ulimi wakauimarisha kwa chuma na kwa ganda linaloupokea mzigo kabla haujaufikia.

Ganda hilo ndilo linaloamua kama tundu litadumu. Kwenye bodi iliyoundwa vizuri, miguu ya ganda hupita kwenye matundu ya bodi na kulehemiwa upande wa pili. Kwenye vifaa vya bei rahisi miguu huegeshwa juu ya bodi tu, na nguvu yote ya mkono inaishia kwenye risasi ya kulehemu. Kasha la kifaa nalo linapaswa kukibana kichwa kwa karibu, ili waya ukivutwa kando mzigo uangukie kasha. Nguvu ya kuchomeka inatakiwa iwe kati ya nyutoni 5 na 20, na ya kuchomoa kati ya 8 na 20 wakati kiunganishi ni kipya. Chini ya hapo waya unaanguka wenyewe. Juu ya hapo watu wanaanza kutikisa kichwa kushoto na kulia ili kitoke, na mtikisiko huo ndio unaoua.

Pini 24 zinagawanyika hivi: nne za umeme, nne za ardhi (njia ya umeme kurudi), nne za data ya kawaida, nane za data ya kasi, mbili za mazungumzo, na mbili za akiba kwa matumizi ya pembeni. Mpangilio ni wa kuzungushwa: ukigeuza kichwa nyuzi 180, pini ya umeme inatua kwenye ya umeme na ya ardhi kwenye ya ardhi. Kwa umeme basi kugeuka hakuna madhara. Data ya kawaida pia ni rahisi, kwa sababu tundu lina jozi mbili zinazounganishwa pamoja, na kichwa kina jozi moja tu. Data ya kasi ndiyo yenye kazi, maana kwenye kasi ya gigabiti 10 kwa sekunde huwezi kuunganisha nyaya mbili ovyo. Kipande kisichotumika kinarudisha mwangwi wa ishara. Kifaa lazima kiwe na swichi ya kielektroniki inayochagua jozi sahihi baada ya kujua kichwa kimeingia vipi.

Pini za umeme na ardhi zimefanywa ndefu kidogo ili ziguse mwanzo wakati wa kuchomeka na ziachane mwisho wakati wa kuchomoa. Ardhi ikikosekana wakati pini nyingine zimeshagusa, umeme hutafuta njia kupitia nyaya za data, na hapo chipu huungua.

Rezista mbili zinazojibu maswali

Hapa ndipo kiini cha ubunifu kilipo, na ajabu ni kwamba kinagharimu rezista mbili, vipande vya kuzuia mkondo, ambazo hazifiki ukubwa wa punje ya mtama.

Tundu la USB-C lina pini mbili za mazungumzo, CC1 na CC2, moja kila safu. Kifaa kinachopokea umeme huweka rezista ya kiloohmu 5.1 kutoka kila pini kwenda ardhini. Kifaa kinachotoa umeme huweka rezista kutoka kila pini kwenda upande wa chanya. Waya wenyewe una uzi mmoja tu wa CC. Ukiunganisha viwili, rezista ya juu na ya chini zinagawana volteji, na kila upande unasoma kilichopatikana katikati.

Usomaji huo mmoja unatoa majibu matatu. Kwanza, kuna mpokeaji upande wa pili, kwa hiyo ni salama kuwasha umeme. Kabla ya hapo pini za umeme za tundu la USB-C hazina kitu. Tundu ni baridi. Pili, kwa kuwa uzi wa CC ni mmoja, kifaa kinaangalia ni CC1 au CC2 iliyopata usomaji, na papo hapo kinajua kichwa kimegeuka upande gani. Tatu, mtoaji anatangaza ana mkondo kiasi gani kwa kuchagua ukubwa wa rezista yake. Ikivutwa kutoka volti 5, kiloohmu 56 ina maana ya mkondo wa kawaida wa USB, yaani miliampea 500 au 900. Kiloohmu 22 ina maana ya ampea 1.5, kiloohmu 10 ina maana ya ampea 3. Mpokeaji atasoma takriban volti 0.4, 0.9 au 1.7 na kujua kikomo chake. Hakuna programu inayohitajika, hakuna chipu, na betri ikiwa imekufa kabisa bado mfumo unafanya kazi, maana rezista haihitaji umeme ili iwe rezista.

Uzuri huo una upande wa pili: makosa madogo yanaleta hasara kubwa. Chukua waya wenye USB-A upande mmoja na USB-C upande mwingine. Tundu la A halijui lolote kuhusu CC, kwa hiyo rezista inawekwa ndani ya kichwa cha waya, na kanuni inasema lazima iwe ya kiloohmu 56. Mwaka 2015, USB-C ilipoanza kuenea, nyaya nyingi zilitengenezwa na rezista ya kiloohmu 10. Waya wa namna hiyo unadanganya: unaiambia simu kwamba kuna ampea 3, na simu inazivuta kutoka kwenye tundu la kompyuta ya zamani lililojengwa kwa nusu ampea. Mhandisi wa Google, Benson Leung, alijitolea kupima nyaya zilizouzwa mtandaoni moja baada ya nyingine na kutangaza matokeo; mwanzoni mwa 2016 mojawapo, iliyokuwa imeunganishwa kinyume kati ya umeme na ardhi, iliharibu kompyuta aliyokuwa akipimia. Machi mwaka huo Amazon ikapiga marufuku nyaya za USB-C zisizotimiza kanuni.

Mfano wa pili ni wa Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya bodi moja iliyotoka Juni 2019. Badala ya rezista mbili za kiloohmu 5.1, moja kwa kila pini ya CC, bodi ya kwanza iliunganisha CC1 na CC2 pamoja na kutumia rezista moja. Kwa waya wa kawaida ilifanya kazi bila tatizo. Lakini nyaya bora, zile zenye chipu ndani, zina ukinzani wao wa takriban kiloohmu 1 kwenye pini ya pili. Pini mbili zikiwa zimeunganishwa, ukinzani huo ulikaa sambamba na ule wa 5.1, chaja ikaona chini ya kiloohmu moja pande zote mbili, na kwa kanuni za USB-C usomaji huo una maana ya adapta ya vipokea sauti. Chaja ikakataa kutoa umeme. Waya wa bei rahisi ukachaji, waya wa bei ghali ukagoma. Toleo lililofuata la bodi lilirekebishwa.

Kwa nini volti 5 hazitoshi

Wati ni volti mara ampea. Ukibaki kwenye volti 5, kompyuta inayohitaji wati 100 ingetaka ampea 20, na waya wa kuzipitisha ungekuwa mnene kama wa pasi. Hata kwenye mizigo midogo hasara inaonekana. Tuseme waya una ukinzani wa ohmu 0.2 kwenda na kurudi. Ukipitisha ampea 3 kwa volti 5, volti 0.6 zinapotelea njiani na wati 1.8 zinageuka joto kwenye waya. Wati 15 zilezile ukizipitisha kwa volti 9, mkondo ni ampea 1.67, hasara ni volti 0.33, na joto halifiki wati 0.6. Ndiyo maana kila mfumo wa kuchaji haraka unaotaka kutumia waya mwembamba hupandisha volteji.

Kupandisha volteji kwenye tundu la pamoja ni hatari, kwani aliye upande wa pili huenda akawa kifaa cha volti 5 tu. Kwa hiyo kuna lugha ya makubaliano, USB Power Delivery, inayopita kwenye uzi uleule wa CC. Kila muunganisho huanza kwa volti 5. Kisha chaja hutuma orodha ya ilichonacho. Chaja ya wati 65, kwa mfano, husema: volti 5 kwa ampea 3, volti 9 kwa ampea 3, volti 15 kwa ampea 3, volti 20 kwa ampea 3.25. Simu au kompyuta huchagua kipengele kimoja na kukiomba. Chaja hukubali, hubadilisha volteji, kisha hutuma ujumbe kwamba iko tayari. Hapo ndipo kifaa kinaruhusiwa kuvuta mzigo. Waya ukichomolewa, CC inakatika na chaja lazima ishushe umeme hadi karibu sifuri ndani ya muda usiofika sekunde moja, ili kifaa kinachofuata kisikute volti 20 zikikisubiri mlangoni.

Inafaa kukumbuka hapa kwamba kile tunachokiita chaja ni chanzo cha umeme tu. Saketi inayochaji betri, inayoamua lini ipunguze mkondo betri ikikaribia kujaa, iko ndani ya simu. Chaja ya wati 100 haiwezi kuilazimisha simu ya wati 18 kumeza zaidi. Simu ndiyo inayoomba.

Waya nao una sauti yake. Waya usio na chipu huchukuliwa kuwa wa ampea 3, yaani wati 60 kwa volti 20. Ili upitishe ampea 5 lazima uwe na chipu ndogo ndani ya kichwa, inayopata umeme kupitia ile pini ya CC isiyotumika. Chaja huiuliza kabla ya kutangaza orodha yake: unahimili ampea ngapi, volti ngapi, kasi gani? Isipojibiwa, haivuki ampea 3. Kwa ampea 5 na volti 20 tunapata wati 100. Mwaka 2021 volti 28, 36 na 48 ziliongezwa, na kikomo kikawa wati 240. Kwenye viwango hivyo vya juu, kifaa na chaja hutakiwa kuendelea kutumiana ujumbe muda wote. Kimya kikizidi, umeme unashushwa.

Mahali panapoharibika

Rudi kwenye ile nusu milimita. Pini ya CC imekaa jirani kabisa na pini ya umeme, na pini za akiba vilevile. Kwenye volti 5 ujirani huo hauna shida. Kwenye volti 20, uchafu kidogo au kichwa kilichochomolewa kwa kupindwa kinaweza kugusisha umeme na CC, na chipu nyingi za CC zimeundwa kuhimili takriban volti 5 tu. Zinakufa papo hapo, na dalili yake ni kifaa kinachochaji polepole kwa volti 5 au kisichochaji kabisa ingawa tundu linaonekana zima. Mbunifu makini huweka chipu ya ulinzi kati ya tundu na kidhibiti, yenye uwezo wa kukata mara volteji inapovuka kikomo. Ni kipengele cha kwanza kufutwa pale mhasibu anapotafuta pa kupunguza gharama.

Unyevu hufanya kazi yake taratibu zaidi. Tone la maji au jasho likikaa kati ya pini yenye umeme na ya ardhi, mkondo mdogo unapita na kula mchovyo wa dhahabu hadi kwenye shaba. Utaona pini za umeme zimekuwa nyeusi wakati nyingine bado zinang'aa. Simu nyingi hupima ukinzani kwenye pini za akiba na kukataa kuchaji zikihisi maji. Onyo hilo likija, kukausha kwa hewa ya kawaida ndiyo njia. Kuchomeka chaja "ili joto likaushe" ni kuharakisha ule ulaji.

Na kuna nyuzi za mfukoni. Zinaingia na kichwa, zinasukumwa hadi nyuma, zinashikamana kuwa kitambaa kigumu. Kichwa hakifiki mwisho, vikamatio havipati kingo za bati, waya unaanguka. Watu hubadilisha waya, kisha tundu, kabla ya kutazama ndani kwa tochi. Zima kifaa, tumia kijiti chembamba kisicho cha chuma, pita kando ya kuta za ganda na uache ulimi wa katikati.

Sheria ilipoingia

Umoja wa Ulaya ulipoona hiari imeshindwa ulipitisha sheria. Agizo namba 2022/2380, la Novemba 2022, linataka simu, tableti, kamera za kidijitali, vipokea sauti, spika za kubebeka, visoma vitabu, kibodi, vipanya na vinginevyo vinavyochajiwa kwa waya viwe na tundu la USB-C kuanzia tarehe 28 Desemba 2024, na kompyuta mpakato kuanzia 28 Aprili 2026. Apple walikuwa wameshahamia USB-C kwenye iPhone 15 ya Septemba 2023.

Wengi walisoma habari hiyo kama sheria ya tundu. Kipengele chenye meno ni kingine: kifaa kinachochajiwa kwa zaidi ya volti 5, au zaidi ya ampea 3, au zaidi ya wati 15 lazima kikubali USB Power Delivery, na mfumo wowote wa ziada wa kampuni usizuie huo kufanya kazi kikamilifu. Bila sharti hilo tungekuwa na tundu moja na lugha kumi. Hali hiyo ilikuwa imeanza: kampuni kadhaa za simu zina mfumo wao wa kuchaji haraka unaotaka chaja na waya vya kampuni hiyohiyo, na ukiweka chaja nyingine kasi inaporomoka. Agizo linataka pia mnunuzi apewe nafasi ya kununua kifaa bila chaja. Vifaa vidogo mno kuweza kuwa na tundu hilo vimeachwa nje.

Hoja kwamba sheria inagandisha ubunifu haiwezi kutupwa tu. Kama Ulaya ingeilazimisha Micro-USB mwaka 2009, kuiondoa kungehitaji sheria nyingine. Agizo limeacha nafasi ya Tume kubadilisha kiwango teknolojia ikisonga, lakini mabadiliko ya sheria hayaendi kwa kasi ya maabara. Kwa upande mwingine, USB-C ilitoka ikiwa na nafasi kubwa ya kukua kuliko watangulizi wake: tundu la milimita zilezile lilianza na gigabiti 10 kwa sekunde na sasa linapitisha 80.

Ukuaji huo ndio uliozaa malalamiko ya leo. Kanuni inaruhusu waya wa USB-C wenye data ya megabiti 480 tu, kasi ya mwaka 2000, na inaruhusu pia wa gigabiti 40, na kwa nje ni ndugu mapacha. Waya mwepesi na laini unaokuja na simu mara nyingi hauna kabisa zile nyaya nane za kasi. Ukiuchomeka kwenye skrini ya kompyuta, picha haiji, na hakuna kilichoharibika. Urefu nao una bei: waya usio na vikuza ishara unaweza kufika mita 4 kwa kasi ya megabiti 480, lakini kwa gigabiti 40 unabaki takriban sentimita 80. Waya mrefu, mwembamba, wa bei ndogo na wa kasi ya juu kwa pamoja haupo. Nembo za sasa za nyaya zilizoidhinishwa zinaandikwa wati 60 au 240 na kasi kwa namba, na ndizo za kutafuta kichwani mwa waya, siyo maneno ya kwenye boksi.

Kasi ya kuchaji ikiwa ndogo, basi, kuna pande tatu za kuchunguza: chaja, waya na kifaa, na mdogo wao ndiye anayeamua. Soma maandishi madogo kwenye chaja. Kama hayataji volti 9 au zaidi, hakuna waya utakaosaidia. Kama yanataja volti 20 kwa ampea 5 na kompyuta bado inapata wati 60, huenda waya hauna chipu. Kama chaja na waya vinachaji vifaa vingine sawasawa, kifaa ndicho kisichoomba. Kipima-USB kidogo kinachochomekwa katikati huonyesha volti na ampea na kumaliza ubishi.

Kuna hali moja inayowachanganya hata mafundi: taa ndogo, kinyozi cha umeme au spika yenye tundu la USB-C inayochaji vizuri kwa waya wa A kwenda C, lakini ikiwekwa kwenye chaja mpya kwa waya wa C kwenda C haionyeshi dalili ya uhai. Chaja ni nzima na waya ni mzima. Mtengenezaji aliweka tundu la USB-C lakini akaacha zile rezista mbili za kiloohmu 5.1. Tundu la zamani la A linatoa volti 5 bila kuuliza, kwa hiyo kosa halionekani. Chaja ya C inasubiri kusoma rezista, haioni kitu, na tundu lake linabaki baridi. Kama pini za CC za tundu zimefikishwa kwenye bodi, fundi mwenye mkono mwepesi anaweza kulehemu rezista moja kutoka CC1 kwenda ardhini na nyingine kutoka CC2 kwenda ardhini. Ziwe mbili, kila pini na yake. Kama tundu ni lile la pini sita lenye CC zote mbili, kazi ni ya dakika chache. Kama ni lile la pini mbili tu za umeme na ardhi, CC haipo kabisa, na kifaa hicho kitaendelea kuhitaji waya wa A hadi kibadilishiwe tundu.